AKIBA HAIOZI: MAISHA YA WASHINGTON ROEBLING, MJENZI WA DARAJA LA BROOKLYN



Ukiuliza darasani ni nani angependa kuwa mhandisi, mikono mingi huinuka. Ukiuliza tena kazi ya mhandisi ni nini hasa, mikono ile ile huteremka mmoja baada ya mwingine. Wengi wetu hudhani ni kuvaa kofia ngumu, kushika michoro na kuwaonyesha vibarua mahali pa kuchimba. Sikatai, hayo yamo. Lakini mhandisi mkuu wa daraja kubwa ana kazi nyingine isiyoonekana kwa macho, na hiyo ndiyo inayomnyima usingizi. Yeye ndiye huamua daraja liwe na nguvu kiasi gani kupita zile linazohitaji. Kwa lugha ya wazee wetu, kazi yake ni kuweka akiba.

Leo nitawasimulia maisha ya bwana mmoja aliyeiweka akiba hiyo, akaugua, akasingiziwa wazimu, akaibiwa, na bado daraja lake limesimama hadi leo. Jina lake ni Washington Roebling wa Marekani.

Mwana wa mhunzi

Washington Augustus Roebling alizaliwa tarehe 26 Mei 1837 katika kijiji cha Saxonburg, jimbo la Pennsylvania. Babake, John Roebling, alikuwa Mjerumani aliyehamia Marekani mwaka wa 1831 pamoja na wenzake, wakakianzisha kijiji hicho na kujaribu ukulima. Ukulima haukumfaa. John alikuwa amesomea uhandisi, na akili yake ilikuwa kwenye madaraja na mashine.

Siku hizo kulikuwa na reli milimani iliyokuwa ikivuta mashua za mfereji kwa kamba nene za katani. Kamba hizo zilichakaa haraka na kukatika, na zikikatika hazichagui wa kumuumiza. Basi John akawaza: mbona tusisokote kamba ya waya? Akaanza kusokota kamba hizo kondeni nyuma ya nyumba yake, akisaidiwa na majirani. Kijana Washington alikua akiyaona hayo. Wahenga walisema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta, na yeye alijifunza yote mawili.

Lakini msidhani nyumba hiyo ilikuwa ya raha. John Roebling alikuwa na kipaji kikubwa na mkono mzito vilevile. Washington mwenyewe aliandika uzeeni jinsi babake alivyokuwa akimpiga mama na watoto bila huruma. Kijana huyo alimwogopa babake maisha yake yote, na papo hapo akaustahi ujuzi wake. Hayo mawili aliyabeba pamoja.

Alisomea uhandisi katika chuo cha Rensselaer mjini Troy, akahitimu mwaka wa 1857, kisha akamsaidia babake kujenga daraja mjini Pittsburgh. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani mwaka wa 1861, alijiunga na jeshi la Kaskazini akiwa askari wa kawaida, akapanda hadi kuitwa kanali. Alikuwapo kwenye mapigano makali ya Gettysburg. Huko jeshini alihudumu chini ya Jenerali Warren, na kwenye dansi moja ya jeshi mwaka wa 1864 akakutana na dadake jenerali huyo, Emily Warren. Wakaoana Januari 1865. Mwekeni akilini dada huyu, maana bila yeye hadithi hii ingekatika katikati.

Mguu uliosagwa

Wakati huo New York na Brooklyn zilikuwa miji miwili mbalimbali. Kati yake upo mkono wa bahari uitwao East River, yaani Mto wa Mashariki, ingawa kwa kweli si mto. Watu walivuka kwa feri kila siku kwenda kazini na kurudi. Mwenzangu aliyewahi kungoja feri kule Likoni asubuhi anaelewa bila kuambiwa. Kwao kulikuwa na balaa jingine: wakati wa baridi kali maji yalijaa barafu na feri zikakwama.

John Roebling, ambaye tayari alikuwa amejenga daraja la kuning'inia la kupitisha treni kule Niagara, akachora daraja ambalo halijapata kuonekana. Lingening'inia kwenye minara miwili ya mawe. Kati ya minara kungekuwa na nafasi ya futi 1,595 na nusu, yaani mita 486 hivi, bila nguzo hata moja majini. Hakuna daraja la kuning'inia duniani lililokuwa na urefu huo. Tena alitaka kutumia nyaya za chuma cha pua, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya kwenye kebo za daraja kama hilo.

Mzee huyo aliweka kanuni moja: kebo za daraja ziwe na nguvu mara 6 ya mzigo zitakaoubeba. Hebu tuchukue mfano wa kamba ya kutekea maji kisimani. Kama ndoo yako ina kilo 20, fundi wa namna hii hakupi kamba ya kubeba kilo 20, wala 30. Anakupa ya kubeba kilo 120. Ukimuuliza sababu, ni kwamba kamba huchakaa, mtu huongeza ndoo, na aliyeisokota huenda alikuwa mvivu siku hiyo. Mwanahesabu hujua kiasi kinachohitajika. Mhandisi hujua pia kwamba dunia haifuati hesabu kila mara.

Mwaka wa 1867 Washington na Emily walipelekwa Ulaya ili achunguze namna ya kujenga misingi chini ya maji. Mtoto wao wa pekee alizaliwa safarini, huko Mühlhausen, Ujerumani, mji aliozaliwa babu yake.

Tarehe 28 Juni 1869 John alikuwa amesimama kwenye gati la Brooklyn akipima mahali pa kuweka mnara. Feri ikaja, ikagonga magogo ya gati, na mguu wake ukasagwa. Vidole vikakatwa. Lakini mzee alikuwa mbishi: akawakatalia madaktari na kutaka kidonda kitibiwe kwa maji tu, kwa imani yake mwenyewe. Pepopunda ikamwingia. Tarehe 22 Julai akafariki.

Hapo ndipo mzigo ulipomwangukia Washington. Alikuwa na umri wa miaka 32. Mwezi wa Agosti aliteuliwa kuwa mhandisi mkuu wa daraja ambalo michoro yake mingi ilikuwa bado haijakamilika, na mwenye kulifikiria alikuwa kaburini.

Chini ya maji

Kazi ilianza Januari 1870. Minara ingekuwa na kimo cha mita 84 hivi juu ya maji. Je, mnara wa mawe mzito namna hiyo unausimamisha vipi juu ya matope ya chini ya bahari?

Jibu ni chombo kiitwacho kesoni. Ukitaka kukielewa, chukua gilasi, igeuze mdomo chini, kisha uididimize ndani ya karai la maji. Utaona maji hayaingii yote, kwa sababu hewa imebaki ndani. Kesoni ni kama gilasi hiyo, ila ya Roebling ilikuwa sanduku la mbao lenye urefu wa futi 168 na upana wa futi 102, lisilo na sakafu. Lilizamishwa, hewa ikasukumwa ndani kwa mashine ili kuzuia maji, na watu wakaingia humo kuchimba. Juu yake waashi walikuwa wakipanga mawe ya mnara. Wa chini wanachimba, wa juu wanajenga, na uzito unaididimiza kesoni hatua kwa hatua.

Maisha ya ndani yalikuwa ya ajabu. Joto na unyevu vilikuwa vingi, sauti za watu zikawa nyembamba, na ukiuzima mshumaa kwa pumzi, mwali unarudi wenyewe kwa wingi wa hewa. Vibarua, wengi wao wahamiaji kutoka Ireland na Ujerumani, walilipwa dola 2 kwa siku.

Desemba 1870 mwali wa mshumaa ulishika mbao za dari. Moto ukapenya ndani ya dari hiyo, ambayo ilikuwa na unene wa futi 15, ukawa unakula mbao kimyakimya bila kuonekana. Juu yake kulikuwa na maelfu ya tani za mawe. Roebling hakutuma mtu. Alishuka mwenyewe, akakaa humo usiku kucha wakitoboa dari kuusaka moto, mpaka viungo vikakataa na akatolewa akiwa hajiwezi. Alipopata nafuu kidogo akarudi. Mwishowe akaamuru kesoni yote ijazwe maji. Moto ukazima, lakini kazi ya kuziba mashimo yaliyoungua kwa saruji ilichukua muda mrefu.

Mchanga au mwamba

Kesoni ya Brooklyn ilisimama kwenye futi 44 na nusu. Ile ya upande wa New York ilihitaji kwenda chini zaidi, na kadiri ilivyoshuka ndivyo hewa ilivyozidi kushindiliwa. Ndipo ugonjwa ukatokea. Mtu anatoka kazini mzima, anapanda juu, mara maungo yanamuuma kama yanayovunjwa, miguu inakufa ganzi, wengine wanaanguka. Waliuita ugonjwa wa kesoni.

Leo chanzo chake kinajulikana. Mtu akipumua hewa iliyoshindiliwa, nitrojeni huyeyuka ndani ya damu na mwili wake. Akitoka haraka, nitrojeni hiyo hufanya viputo. Ni sawasawa na kufungua chupa ya soda kwa ghafla: mapovu yanapanda. Dawa ni kutoka polepole. Lakini mtaalamu wa Ufaransa, Paul Bert, aliyeeleza jambo hilo vizuri, alichapisha utafiti wake mwaka wa 1878. Mwaka wa 1872 vibarua walitaka kutoka upesi wakapumzike, na wengi hawakujua kuwa upesi huo ndio ulioua.

Katika majira ya kuchipua ya 1872 vibarua watatu wa kesoni ya New York walikufa kwa ugonjwa huo, na wengine wengi wakaugua. Kesoni ilikuwa imefika futi 78 na nusu. Chini yake kulikuwa na mchanga mgumu ulioshikana, na mwamba wenyewe ulikuwa bado chini zaidi. Sasa fikiria wewe ndiye Roebling. Kila mtu anajua kuwa nyumba hujengwa juu ya mwamba. Ukiendelea kuchimba, watu watakufa zaidi. Ukisimama, mnara mzima utakalia mchanga, na ukilemea upande mmoja miaka kumi baadaye, daraja litaanguka na watu wake, na jina lako nalo.

Hapakuwa na kitabu cha kumjibu. Roebling aliuchunguza mchanga, akaona umekaa mahali pake tangu zama za kale bila kusogea, na umebanana hata sululu inauogopa. Mwezi wa Mei akaamua: tusimame hapa. Mnara wa New York umekalia mchanga huo hadi leo. Nionavyo mimi, hii ndiyo hesabu ngumu kuliko zote alizopata kuifanya, na haikuwa ya tarakimu peke yake.

Lakini mwenyewe alikuwa amechelewa. Alikuwa akishuka na kupanda mara nyingi kuliko mtu yeyote, na mwaka huo huo ugonjwa ukamwangusha kabisa.

Mwanamume wa dirishani

Kuanzia mwisho wa 1872 Roebling hakuweza tena kwenda kazini. Maumivu yalikuwa makali, macho yakafifia, na kelele au mazungumzo marefu vilimchosha kabisa. Akidhani atakufa, majira hayo ya baridi alijilazimisha kuandika maelezo ya kila kitu kilichobaki kujengwa. Aliomba kujiuzulu lakini hakuruhusiwa. Alikwenda Ujerumani kutafuta tiba, akarudi, akaishi Trenton, na mwaka wa 1877 akahamia tena Brooklyn katika nyumba iliyotazama maji. Kutoka dirishani aliweza kuona daraja lake kwa darubini.

Sasa Emily anaingia. Hakuwa amesomea uhandisi. Alianza kwa kumwandikia mumewe barua na maagizo kwa vile macho yalikuwa mabovu. Ili aandike sawasawa ilimbidi aelewe, na ili aelewe ikambidi asome: hesabu, nguvu za vyuma, namna kebo inavyojipinda ikining'inia. Kabla ya muda mrefu alikuwa akienda kwenye ujenzi kuwapelekea mainjinia wasaidizi maagizo, akiwajibu maswali yao, akizungumza na bodi na wenye viwanda. Watu wakaanza kunong'ona kuwa eti yeye ndiye mhandisi halisi.

Ningependa wasichana wa shule yetu waliosema fizikia ni ya wavulana walisome hilo mara mbili. Lakini wavulana nao wasome: Roebling hakuona haya kumtegemea mke wake, wala wasaidizi wake waliomwakilisha kazini kwa miaka zaidi ya kumi. Alikuwa amewapanga na kuwafunza vyema, kila mtu akijua sehemu yake. Hiyo pia ni akiba. Kazi ambayo ikikosa mtu mmoja inakufa, haikujengwa vizuri.

Nyaya za mwizi

Minara ilikamilika, na Agosti 1876 waya wa kwanza ukavuka. Fundi mkuu, E. F. Farrington, alikuwa wa kwanza kuupita, akiwa amekaa kwenye kijiti kama bembea, huku maelfu ya watu wakishangilia chini. Kisha kazi ya kusuka kebo ikaanza. Kebo ni 4, kila moja ina unene wa sentimita 40 hivi, na ndani yake mna nyaya zaidi ya 5,000, kila mmoja mwembamba kuliko penseli.

Nani angeleta nyaya? Familia ya Roebling ilikuwa na kiwanda, lakini bodi iliogopa kuonekana inampendelea mhandisi wake. Roebling akauza hisa zake ili asishukiwe. Hata hivyo kandarasi ilipewa bwana mmoja wa Brooklyn aitwaye J. Lloyd Haigh, aliyetaka bei ya chini. Roebling hakumwamini. Akasisitiza nyaya zikaguliwe zote kabla ya kutoka kiwandani.

Zikakaguliwa. Nzuri zikapewa cheti, mbovu zikawekwa kando. Kumbe njiani gari la farasi lilikuwa likipitia ghala moja. Nyaya nzuri zinashushwa, mbovu zinapakiwa, cheti kinabaki kile kile. Nzuri zinarudi kiwandani kwa siri kukaguliwa tena. Jamani! Njia ya mwongo ni fupi, lakini hii ilikwenda miezi. Julai 1878 mainjinia walipoibaini, tani zaidi ya 200 za nyaya mbovu zilikuwa zimekwisha kusukwa ndani ya kebo. Mwezi mmoja tu kabla yake, fungu moja la nyaya lilikuwa limechomoka kwenye nanga yake upande wa New York na kuwaua watu.

Nyaya hizo hazingeweza kutolewa. Zilikuwa zimefungamana na nzuri kama chumvi iliyokwisha kutiwa mchuzini. Kubomoa kebo maana yake ni kuanza upya, fedha zenyewe hakuna. Kuacha maana yake ni kuwaweka watu juu ya kazi ya mwizi.

Roebling, pale chumbani mwake, akapiga hesabu. Kebo zilipangiwa nguvu mara 6. Kwa nyaya hizo mbovu, nguvu ingeshuka hadi mara 5 hivi. Mara 5 bado ni salama. Lakini hakuridhika: akaamuru kila kebo iongezwe nyaya njema zipatazo 150, kwa gharama ya Haigh mwenyewe. Kisha ukaguzi ukahamishwa, nyaya zikawa zinapimwa hapo hapo darajani.

Nimeisoma habari hii mara nyingi na kila mara hunisisimua. Laiti mzee John angebana matumizi, laiti angesema mara 2 inatosha, mwizi mmoja angeliua daraja lote. Mtu hawezi kujua mwizi atakuja lini wala kwa jina gani. Anachoweza ni kuacha nafasi ya kumvumilia.

Wakati huo huo kulikuwa na mfano wa upande wa pili. Usiku wa tarehe 28 Desemba 1879, daraja la mto Tay kule Scotland, lililokuwa halijatimiza hata miaka miwili, lilianguka katika dhoruba na treni juu yake. Watu wapatao 75 walikufa, hakuna aliyeokoka. Mhandisi wake, Thomas Bouch, hakuwa ameuwekea upepo nafasi ya kutosha. Mwaka uliofuata naye akafa, jina lake limeharibika. Habari hizo zilipofika New York, watu wakaanza kuuliza kuhusu daraja lao.

Kura

Roebling alipoomba mwaka wa 1881 chuma zaidi, kiasi cha tani 1,000, ili sakafu ya daraja iweze kuhimili treni nzito, baadhi ya wanabodi walikasirika. Gharama ilikuwa imepanda, na ujenzi ulikuwa katika mwaka wake wa kumi na mbili. Wakasema mhandisi huyu haonekani, pengine akili zimemruka, pengine keshakufa na tunafichwa. Mwaka wa 1882 Meya wa Brooklyn, Seth Low, alitaka aondolewe.

Roebling alikataa kuondoka kwa hiari. Kama walimtaka atoke, basi wamfukuze hadharani. Mwezi wa Septemba bodi ikapiga kura: 10 walitaka abaki, 7 walitaka aende. Kura 3 tu zilimwacha kazini.

Tarehe 24 Mei 1883 daraja lilifunguliwa. Rais Chester Arthur alikuwapo, na fataki zikarushwa usiku. Emily alikuwa amekwisha kulivuka siku chache kabla, wa kwanza kupita kwa gari la farasi, akiwa amempakata jogoo kuwa ishara ya ushindi. Watu zaidi ya 150,000 walivuka siku hiyo ya kwanza. Roebling hakuwamo. Alikuwa dirishani. Rais mwenyewe ndiye aliyekwenda nyumbani kwake kumpa mkono.

Furaha haikudumu wiki moja. Tarehe 30 Mei watu walisongamana kwenye ngazi, hofu ikazuka kuwa daraja linaanguka, wakakanyagana, na watu 12 wakafa. Daraja lenyewe halikutikisika. Mwaka uliofuata mwenye sarakasi P. T. Barnum alipitisha tembo 21 juu yake, na watu wakatulia.

Siku zake za mwisho

Baada ya hapo Roebling hakujenga tena daraja kubwa. Alikusanya mawe na madini, maelfu na maelfu ya vipande, ambavyo vilikwenda kwenye jumba la makumbusho la Smithsonian alipokufa. Emily alisoma sheria na kupata cheti mwaka wa 1899, akafariki mwaka wa 1903. Yule ambaye wote walidhani angekufa kwanza aliishi zaidi yake kwa miaka 23. Mwaka wa 1921, akiwa na miaka 84, ilimbidi ashike uongozi wa kampuni ya familia, akaenda kazini kila siku. Alifariki tarehe 21 Julai 1926, mwenye umri wa miaka 89. Mpaka uzee wake watu walikuwa wakimchanganya na babake, wakishangaa kumwona hai.

Tujifunze nini?

Kwanza, tusimfanye malaika. Zaidi ya watu 20 walikufa katika ujenzi huo, wengi wao vibarua ambao majina yao hayatajwi sana. Roebling aliliwekea daraja akiba mara 6, lakini miili ya watu waliochimba chini ya maji, hata wake mwenyewe, haikupata akiba hiyo, kwa sababu elimu yake haikuwapo bado. Atakayekuwa mhandisi miongoni mwetu akumbuke kuwa mtu naye ana kipimo chake.

Pili, wenzangu wa kidato cha nne. Anayesoma kiasi cha kupita tu amejenga daraja la mara 1. Likija swali moja asilolitarajia, au malaria asubuhi ya mtihani, limeanguka. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tatu, kuhusu wale wanaonakili kazi za wenzao na kuona hawajamdhuru mtu. Nyaya za Haigh zimo ndani ya kebo za Daraja la Brooklyn hadi hivi leo, zaidi ya miaka 140 baadaye. Hazikutolewa. Kila siku maelfu ya magari yanapita juu yake, na wenye magari hawajui. Nyaya mbovu zimebebwa na zilizo njema, pamoja na zile 150 zilizoongezwa katika kila kebo na mgonjwa mmoja aliyekuwa amekaa dirishani.

Akiba haiozi.